Kukata rufaa ya amri iliyobadilisha matunzo ya mtoto: mwongozo kamili kwa Mbeya, Iringa na Nyanda za Juu Kusini

Rufaa nyingi za matunzo ya mtoto hazianguki kwa kukosa hoja. Zinaanguka kwa sababu karatasi zilipelekwa mahakama isiyohusika, siku zilipita mtu akisubiri nakala ya hukumu, au shauri lenyewe halikuwa la rufaa tangu mwanzo. Anayeumia ni mtoto. Kama matunzo yameshushwa kimakosa, anakaa miezi bila ada na chakula cha kutosha. Kama yamepandishwa kupita uwezo wa mzazi, mwishowe hayalipwi kabisa, na mtoto anabaki na karatasi ya mahakama isiyo na shilingi.

Mwongozo huu ni wa pande zote mbili, anayelipa na anayepokea. Unahusu hali moja: amri ya matunzo ilikuwepo, mmoja wenu akaomba ibadilishwe, mahakama ikaamua, nawe hukuridhika.

Kwanza hakikisha kwamba ni rufaa

Rufaa inauliza swali moja: je, hakimu alikosea kwa yale yaliyokuwa mbele yake siku ile? Haiulizi kimetokea nini baadaye. Kama umeachishwa kazi kwenye kiwanda cha chai Mufindi mwezi mmoja baada ya uamuzi, hakimu hakukosea, maana hakuna aliyemwambia jambo ambalo lilikuwa bado halijatokea. Hapo njia yako ni kurudi mahakama ileile na maombi mapya ya kubadilisha amri. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 (Sura ya 29) kinairuhusu mahakama kubadilisha au kufuta amri ya matunzo wakati wowote, ikiridhika kwamba amri ilitokana na maelezo ya uongo au kosa kuhusu ukweli wa mambo, au kwamba hali imebadilika kwa kiasi kikubwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 (Sura ya 13) nayo inaruhusu mzazi, mtu anayekaa na mtoto, mtoto mwenyewe au mtu mwingine anayewajibika kisheria kuomba amri ibadilishwe au ifutwe.

Maombi ya namna hiyo hayafungwi na siku za rufaa, na unaleta ushahidi mpya. Kwenye rufaa, ushahidi mpya hupokelewa kwa nadra sana na kwa sababu maalumu. Anayepanda ngazi ya rufaa na barua ya kuachishwa kazi ya wiki iliyopita ataambiwa arudi alikotoka, na atakuwa amepoteza nauli na muda.

Ziko hali nyingine nne ambazo rufaa si njia yake.

Kama kiwango kilibadilishwa kwa makubaliano yenu na mahakama ikayaandika kuwa amri, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai hairuhusu rufaa dhidi ya amri ya makubaliano. Ukisaini mbele ya hakimu, umesaini. Kilichobaki ni kuomba mabadiliko hali ikibadilika, au kuonyesha kwamba makubaliano yalipatikana kwa udanganyifu.

Kama uamuzi ulitolewa bila wewe kuwepo, anza kwa kuiomba mahakama iliyoutoa iutengue, ukieleza kwa kiapo kwa nini hukufika. Wito unaotumwa kijijini mara nyingi hupitia mikononi mwa mtendaji au mwenyekiti wa kitongoji, na kama haukukufikia, hiyo ni hoja halali. Fanya hivyo mara tu unapopata habari.

Kama ni amri ya muda tu, ya kulipa kiasi fulani wakati maombi yanaendelea kusikilizwa, kwa kawaida haikatiwi rufaa mpaka uamuzi wa mwisho utoke.

Na kama mliyonayo ni karatasi ya makubaliano ya ofisi ya Ustawi wa Jamii ya halmashauri, hiyo si amri ya mahakama. Haina rufaa. Asiyeridhika anafungua maombi mahakamani yasikilizwe upya kabisa. Watu wengi Mwanjelwa, Uyole, Makambako na Mafinga wana karatasi za aina hii na wanaziita hukumu. Angalia muhuri kabla hujaanza safari.

Amri yako ilitoka mahakama ipi, chini ya sheria ipi

Swali hili ndilo linaloamua kila kitu kinachofuata, kwa hiyo soma ukurasa wa kwanza wa uamuzi kwa makini. Juu kabisa pameandikwa jina la mahakama, na chini yake aina ya shauri na namba.

Ikiwa limeandikwa "Shauri la Ndoa" au ni maombi yaliyotokana na shauri la ndoa, uko chini ya Sheria ya Ndoa. Mashauri haya yanaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Kilichoanzia Mahakama ya Mwanzo kinakatiwa rufaa Mahakama ya Wilaya. Kilichoamuliwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kama mahakama ya kwanza kinakwenda Mahakama Kuu.

Ikiwa wazazi hawakuoana, au maombi yalifunguliwa moja kwa moja kwa ajili ya mtoto, kwa kawaida ni suala la Mahakama ya Watoto iliyoanzishwa na Sheria ya Mtoto, ambayo huongozwa na Hakimu Mkazi na husikiliza mashauri faragha. Mbeya ina Mahakama ya Watoto yake. Kwenye wilaya nyingine, mashauri haya husikilizwa na mahakimu waliopangiwa kazi hiyo, mara nyingi katika majengo yaleyale ya mahakama nyingine. Jengo lisikudanganye: kinachohesabika ni kichwa cha uamuzi. Rufaa ya Mahakama ya Watoto inakwenda Mahakama Kuu na inafuata Kanuni za Mwenendo wa Mahakama ya Watoto za 2016, Tangazo la Serikali Na. 182.

Mahakama Kuu ya Mbeya inahudumia mikoa ya Mbeya na Songwe. Iringa inahudumia Iringa na Njombe, kwa hiyo wa Makete na Ludewa wanaelekea Iringa, hata kama Mbeya inaonekana karibu kwa barabara fulani. Songea na Sumbawanga zina kanda zao.

Tahadhari moja kuhusu namba za vifungu. Toleo la Sheria Zilizorekebishwa la 2023 lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na baadhi ya namba zimesogea. Namba zilizo hapa ni zile zilizozoeleka. Kabla ya kuziandika kwenye karatasi zako, zilinganishe na toleo jipya kwenye mtandao wa mahakama au mwombe ofisa wa masjala (ofisi ya majalada ya mahakama) akuonyeshe.

Siku za kukata rufaa

Kwa mashauri ya ndoa, kifungu cha 80 cha Sheria ya Ndoa kinatoa siku 45 tangu tarehe ya uamuzi. Haya ndiyo mambo yanayowaangusha watu:

Siku zinahesabiwa kuanzia uamuzi uliposomwa, si siku uliyopokea nakala. Siku yenyewe ya uamuzi haihesabiwi. Tuseme uamuzi umesomwa tarehe 3 Machi. Siku ya kwanza ni tarehe 4. Mpaka tarehe 31 Machi zimetimia siku 28. Zinabaki 17, kwa hiyo siku ya 45 ni tarehe 17 Aprili. Ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, unaingia siku ya kazi inayofuata, ila usijipangie kufika huko.

Rufaa ya ndoa inayokwenda Mahakama Kuu hufunguliwa katika mahakama iliyotoa uamuzi, na mahakama hiyo ndiyo inayotuma kumbukumbu ya rufaa (karatasi yenye sababu zako na unachoomba) pamoja na jalada lote kwenda juu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanapanda basi kwenda Mahakama Kuu Mbeya na kufungua rufaa huko, wakati uamuzi ulitoka Mahakama ya Wilaya ya Kyela. Rufaa iliyofunguliwa pasipo pake inaondolewa hata kama hoja zake ni nzito na siku hazikuwa zimeisha.

Kwa kuwa jalada linatumwa na mahakama, usikae ukisubiri nakala za hukumu na mwenendo wa shauri (maandishi ya yote yaliyosemwa na kutolewa mahakamani) ukidhani siku zimesimama. Ziombe kwa barua siku hiyohiyo, lakini andaa sababu zako kutokana na ulichosikia kikisomwa. Ndiyo maana ni muhimu kwenda na daftari siku ya uamuzi na kuandika: hakimu alisema nini kuhusu kipato, kuhusu mahitaji ya mtoto, na kiasi gani kilipangwa kulipwa kuanzia lini.

Mashauri ya madai ya kawaida kutoka Mahakama ya Mwanzo yana siku 30 chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu (Sura ya 11), na ubishi kuhusu lipi ni shauri la ndoa na lipi si la ndoa haujaisha kwenye korido za mahakama. Ushauri wetu hauna masharti: jipangie siku 30 hata kama sheria inakupa 45. Hakuna aliyewahi kupingwa kwa kuwahi. Na kama uamuzi umetoka Mahakama ya Watoto, usijihesabie siku 45 za Sheria ya Ndoa, maana si zako. Fungua kanuni za 2016 masjala siku ileile, sehemu ya rufaa, na uanze kuandika wiki hiyohiyo.

Karatasi za kukusanya

Barua ya kuomba nakala ni ukurasa mmoja: namba ya shauri, majina ya wadaawa (pande zote mbili za shauri), tarehe ya uamuzi, na maneno "naomba nakala zilizothibitishwa za uamuzi, amri na mwenendo wa shauri kwa ajili ya rufaa". Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, ibaki kwako. Karatasi hiyo yenye muhuri itakuokoa siku utakapoulizwa kwa nini ulichelewa.

Mwenendo wa shauri ukiupata, usome neno kwa neno ukiwa na kalamu. Tafuta mambo matatu. Ushahidi gani ulitolewa kuhusu kipato cha kila upande? Vielelezo gani vilipokelewa, na vipi vilikataliwa? Na hakimu aliandika sababu gani za kufikia kiasi kile? Mara nyingi jambo unalokumbuka uliwahi kulisema halimo kwenye mwenendo. Kama halimo, kwa mahakama ya rufaa halikusemwa, na usijenge sababu juu yake.

Weka pia amri ya kwanza ya matunzo, ile iliyobadilishwa. Bila hiyo hakuna wa kuona mabadiliko yalikuwa makubwa kiasi gani.

Kuandika kumbukumbu ya rufaa

Huhitaji Kiingereza. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na sababu zilizoandikwa kwa Kiswahili safi zina nguvu kuliko za Kiingereza cha kuazima.

Juu andika jina la mahakama ya rufaa, kisha "Rufaa ya Ndoa Na. … ya mwaka …", na chini yake kwenye mabano "Inatokana na uamuzi wa Mahakama ya … katika Shauri Na. … uliotolewa tarehe …". Kisha mrufani (anayekata rufaa), mjibu rufaa (upande wa pili), sababu zenye namba, unachoomba, tarehe na saini. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye uamuzi. Kama uamuzi unamwita mtu kwa jina la baba tu na kitambulisho kina la ukoo, fuata uamuzi. Kwa shauri la Mahakama ya Watoto, usilitaje jina la mtoto pasipo lazima.

Sasa sababu zenyewe. Kupanga kiwango cha matunzo ni jambo lililo mikononi mwa hakimu, na mahakama ya juu haibadilishi kiasi kwa kuwa tu nayo ingepanga kingine. Inaingilia pale hakimu alipoacha jambo alilopaswa kulizingatia, alipozingatia lisilohusika, au alipoielewa sheria vibaya. Kwa hiyo sababu isemayo "kiasi ni kikubwa mno" au "hakimu hakunitendea haki" haitakufikisha popote. Lazima uonyeshe lililoachwa.

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mtoto ndicho chombo chako. Kinaitaka mahakama ipime kipato na mali za wazazi wote wawili, jambo lolote linalopunguza uwezo wa mtu kujipatia kipato, wajibu wake wa kutunza watoto wengine, gharama za maisha mahali mtoto anapoishi, na haki za mtoto chini ya sheria hiyo. Shika uamuzi mkononi, pita kigezo kimoja kimoja, na uandike pembeni: kimezungumziwa au hakikuzungumziwa? Kila "hakikuzungumziwa" chenye ushahidi kwenye mwenendo ni sababu ya rufaa.

Tofauti ni hii. Sababu dhaifu: "Kwamba, hakimu alikosea kuongeza matunzo bila kujali hali yangu." Sababu yenye uzito: "Kwamba, hakimu alikosea kisheria kupandisha matunzo kutoka shilingi 60,000 hadi shilingi 180,000 kwa mwezi kwa kutumia mauzo ya viazi ya msimu mmoja kana kwamba ni kipato cha kila mwezi, bila kuondoa gharama za mbegu, mbolea na vibarua, ingawa ushahidi wa gharama hizo ulitolewa na haukupingwa." Ya pili inamwambia hakimu wa rufaa afungue wapi na atafute nini.

Na upande wa pili: "Kwamba, hakimu alikosea kisheria kushusha matunzo hadi shilingi 40,000 kwa msingi wa kauli ya mjibu rufaa kwamba biashara imeanguka, bila kielelezo chochote, na bila kupima ada na mahitaji ya shule ya bweni anayosoma mtoto, ambayo stakabadhi zake zilipokelewa kama kielelezo."

Suala la kipato cha msimu ndilo linaloharibu mashauri mengi ya huku kwetu. Mkulima wa mpunga Usangu au Kyela, wa kahawa Mbozi, wa parachichi Rungwe na Njombe hapati mshahara wa mwezi. Hakimu akigawa mauzo ya mavuno kwa 12 bila kutoa gharama, anapata picha ya uongo kwa upande mmoja. Akimwangalia mkulima mwezi Februari peke yake, akiwa hana kitu, anapata picha ya uongo kwa upande mwingine. Sheria ya Mtoto inaruhusu matunzo yalipwe kwa vipindi au kwa mkupuo, kwa hiyo kwenye maombi yako unaweza kupendekeza mpango unaofuata mavuno: kiasi kidogo kila mwezi, na ada ya mwaka ilipwe kwa mkupuo baada ya kuuza. Kama jambo hilo liliombwa chini na hakimu akalipita kimya, liandike kama sababu.

Sababu tatu mpaka tano zinatosha. Rundo la sababu 12 zinazorudia jambo moja linamchosha msomaji na kuficha ile yenye nguvu. Mwisho taja unachotaka kwa takwimu: amri itenguliwe na ya awali irudishwe, au kiasi kiwe fulani, au shauri lirudishwe lisikilizwe upya. Ombi la "nafuu yoyote mahakama itakayoona inafaa" liwepo, ila lisiwe peke yake.

Kufungua na kulipa

Mashauri sasa hufunguliwa kwa mfumo wa kielektroniki wa mahakama. Unahitaji akaunti, namba ya NIDA, namba ya simu inayofanya kazi na nyaraka zilizoskaniwa vizuri kwa PDF. Kama huna kompyuta, steshenari zilizo karibu na mahakama hufanya kazi hiyo, lakini usimwachie mtu wa steshenari achague mahakama ya kufungulia. Kaa naye, hakikisha amechagua mahakama iliyotoa uamuzi pale sheria inapotaka hivyo, na umsomee aina ya shauri. Kwenye Mahakama za Mwanzo za vijijini, karani atakuelekeza utaratibu unaotumika hapo.

Ukishawasilisha, mfumo unatoa kontroo namba ya kulipia ada kwa simu au benki. Ilipe siku hiyohiyo. Ubishi kama nyaraka ilifunguliwa siku ilipotumwa au siku ilipolipiwa umewahi kuangusha watu, na hakuna haja ya kuuingia kwa sababu ya kulipa kesho. Piga picha stakabadhi na uichapishe.

Asiyeweza ada anaomba ruhusa ya kukata rufaa bila kulipa, akiambatanisha kiapo kinachoeleza mali na kipato chake. Barua ya mtendaji wa kijiji au kata inasaidia. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Msaidizi wa kisheria anaweza kukuelekeza na kukusaidia kuandika bila malipo, ila hasimami mahakamani kukuwakilisha. Orodha ya waliosajiliwa ulizia halmashauri.

Wakati rufaa inasubiri

Kukata rufaa hakusimamishi amri. Hilo tunalisisitiza kuliko jambo lolote lingine, kwa sababu wazazi wengi huacha kulipa siku wanapopata namba ya rufaa. Mwenye amri anaweza kuomba ikaziwe: mshahara ukatwe, mali ikamatwe, na mdaiwa anaweza kufikishwa hadi jela ya madai. Malimbikizo yanaendelea kuhesabika kwa kiwango kipya mpaka mahakama iseme vinginevyo.

Unaweza kuomba utekelezaji usimamishwe. Mahakama itataka uonyeshe kwamba utapata hasara kubwa ukiendelea kulipa, kwamba umeomba bila kuchelewa, na kwamba utaweka dhamana. Kwa matunzo ya mtoto ni vigumu, maana mtoto lazima ale leo. Omba kitu cha katikati: uendelee kulipa kiwango cha zamani chote na kwa wakati, na tofauti isubiri rufaa. Ombi la namna hiyo linaonyesha nia njema, na hakimu analiona.

Lipa kwa njia inayoacha alama. M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au benki, kutoka laini iliyosajiliwa kwa jina lako, kwenda laini ya mzazi mwenzako au iliyotajwa kwenye amri. Fedha uliyompa shangazi mkononi stendi ya Nane Nane haina ushahidi. Ukipeleka gunia la mahindi au sare, andikisheni, mpokeaji asaini, na ujue kwamba mahakama huenda isivihesabu kama amri inataka fedha. Kila baada ya miezi mitatu chukua taarifa ya miamala uihifadhi, maana ujumbe wa simu hupotea simu ikipotea.

Anayepokea naye asimnyime mwenzake kumwona mtoto kwa sababu ya rufaa. Matunzo na kumwona mtoto ni mambo mawili tofauti, na anayeyachanganya anaharibu msimamo wake mwenyewe.

Siku ya kusikilizwa

Mjibu rufaa lazima apate nakala na wito. Hakikisha uthibitisho wa kupokea umerudi kwenye jalada. Bila huo shauri linaahirishwa, nawe umetoka Chunya au Ludewa kwa nauli yako.

Tarajia pingamizi la awali, yaani hoja ya mwenzako kwamba rufaa isisikilizwe kabisa, hasa kuhusu siku na mahakama uliyofungulia. Uwe na stakabadhi, barua zenye muhuri na hesabu ya siku kwenye karatasi moja.

Mahakama ikiamuru mawasilisho ya maandishi badala ya mazungumzo, inakupangia tarehe. Kutowasilisha siku hiyo kunachukuliwa kama kutofika. Andika chini ya kila sababu: tatizo, ukurasa wa mwenendo unaolionyesha, kifungu cha sheria, na unachotaka. Kama mnazungumza, fanya hivyohivyo kwa mdomo. Usisimulie ndoa ilivyovunjika. Hakimu wa rufaa ya kwanza ana mamlaka ya kuupima upya ushahidi wote, kwa hiyo mpeleke kwenye ushahidi.

Usipofika, rufaa inaweza kufutwa. Ukiwa umezuiliwa na ugonjwa au barabara iliyokatika kwa mvua, omba irudishwe mara moja, na vielelezo: cheti cha hospitali au tiketi ya basi yenye tarehe.

Siku zikipita

Omba kwanza nyongeza ya muda. Usifungue rufaa iliyochelewa ukitumaini haitaonekana. Maombi yanaambatana na kiapo, na kiapo kinapaswa kueleza kila siku ya kuchelewa tangu muda ulipoisha hadi ulipofungua maombi. Katika shauri la Lyamuya Construction (Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010), Mahakama ya Rufani iliweka vigezo vinavyotumika hadi leo: siku zote zielezwe, kuchelewa kusiwe kwa kupindukia, mwombaji aonyeshe bidii na si uzembe, na kama kuna sababu nyingine nzito, kwa mfano kosa la kisheria kwenye uamuzi wenyewe, nayo izingatiwe.

"Nilikuwa naumwa" haitoshi. Andika: kuanzia tarehe hii hadi hii nililazwa, cheti hiki hapa, tarehe hii niliruhusiwa, tarehe hii nilikwenda masjala, barua yenye muhuri hii hapa, tarehe hii nilimwona msaidizi wa kisheria. Pengo la siku nne bila maelezo linaweza kuliangusha ombi zima. Kutojua sheria hakukubaliwi kuwa sababu. Muda ulioupoteza mahakamani kwa nia njema, ukiendesha rufaa iliyoondolewa kwa dosari, huwa unakubaliwa, mradi ulirudi bila kukawia.

Kupanda zaidi

Ukishindwa Mahakama ya Wilaya kwa shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo, rufaa ya pili ni Mahakama Kuu. Hesabu siku 30, na hati ifunguliwe kupitia Mahakama ya Wilaya iliyoamua. Hapa mlango ni mwembamba zaidi: mahakama mbili zikikubaliana kuhusu ukweli, Mahakama Kuu haigusi hilo ila pale ushahidi ulipoeleweka vibaya kabisa. Leta hoja za sheria.

Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, taarifa ya rufaa (ya kusema unakusudia kukata rufaa) inawasilishwa ndani ya siku 30, na kumbukumbu ndani ya siku 60 tangu taarifa hiyo. Barua ya kuomba mwenendo lazima iandikwe ndani ya siku 30 za uamuzi na mwenzako apewe nakala, vinginevyo siku za kusubiri mwenendo hazitaondolewa kwenye hesabu. Sharti la kuomba kibali cha kukata rufaa lilifutwa na marekebisho ya 2023, lakini kwa shauri lililozaliwa Mahakama ya Mwanzo huenda bado kikahitajika cheti cha Mahakama Kuu kwamba kuna hoja ya sheria. Kwa ngazi hiyo tafuta wakili. Kabla ya hapo, pima: mtoto aliye na miaka 16 leo anaweza kufikisha 18 kabla rufaa haijasomwa, na amri kwa kawaida inakoma hapo isipokuwa yuko masomoni na mahakama imeiendeleza. Kama ni hivyo, maombi mapya ya kubadilisha amri, kwa stakabadhi za shule za muhula huu, yatamfikia mapema zaidi.